Kichupa cha Rangi ya Kuziba Mikwaruzo ya Friji: Kinaihimili Hewa ya Bahari Mtwara?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo tunakiangalia hiki kichupa cha mililita 18, rangi nyeupe ya kuziba mikwaruzo ya friji na mashine ya kufulia, brashi yake imo humo humo kwenye kifuniko. Rangi yenyewe ni nzuri, inafunika na inang'aa. Ila kwa sisi wa Shangani, Mikindani na pwani yote mpaka Lindi, kinachoamua itadumu au la ni kilichopo chini yake.

Sogeeni muone kona hii ya chini ya mlango. Kidonda ni kidogo kama punje ya mchele, lakini pembeni rangi imevimba malengelenge. Nikibonyeza na ukucha inabanduka, chini kahawia tupu. Kutu imeshatambaa. Hewa ya bahari inaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, maji ya kudekia yanamalizia kazi. Ukipaka juu ya hapo, rangi mpya itanyanyuka pamoja na ya zamani, halafu utailaumu chupa.

Kwanza chomoa friji kwenye umeme. Osha kwa sabuni ya vyombo, na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, suuza kwa maji ya kunywa. Kwangua malengelenge yote kwa wembe mpaka ufike kwenye rangi iliyoshika. Msasa namba 240 utoe kutu hadi chuma king'ae, kisha namba 400 ulainishe ukingo. Pitisha kidole: ukihisi ukingo umeinuka, bado. Futa kwa spiriti. Thina hapana jamani, inalainisha rangi ya zamani, na plastiki inaiharibu kabisa. Praima ya kuzuia kutu, yaani rangi ya kwanza ya chini, ipakwe siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kisilale wazi usiku kucha kwenye hewa hii.

Praima ikikauka, tikisa kichupa dakika nzima. Brashi hii ni nene mno kwa mkwaruzo mwembamba, tumieni kijiti cha meno: chovya ncha, gusa katikati ya kidonda, rangi isambae yenyewe. Paka mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili, subiri kama saa moja katikati. Ukijaza kwa mkono mmoja, juu itakauka na ndani itabaki laini, mwisho inakunjamana. Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, subirini mchana mkavu wenye jua, kwani unyevu mwingi unaifubaza rangi.

Kasoro yake kubwa ni nyeupe kuwa moja tu. Friji ya miaka mingi imeshaingia unjano, kiraka kitaonekana, kwa hiyo jaribuni tone moja nyuma kwanza.

Msiipake ndani ya ovena, karibu na moto wa jiko wala ndani ya maikrowevu. Na inashika moto haraka: fungua madirisha, jiko la mkaa likae mbali.

Kwa kidonda kisichozidi sarafu, nunueni. Kutu ikishatoboa bati, hapo ni kazi ya fundi. Ukimaliza, futa mdomo wa chupa kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko kitagandana na rangi iliyobaki hutaipata tena.