Rimu za inchi 17 badala ya 15: zimeingia, lakini pimeni kwanza

“Zinaingia tu, matundu ya nati ni yaleyale matano,” muuzaji aliniambia. Matundu kulingana hakutoshi kabisa. Gari langu lilikuja na tairi za saizi 195/65R15 (upana wa milimita 195, ukuta asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15), zenye kimo cha milimita 634 hivi. Nikachagua 205/50R17, kama milimita 637, spidomita isije ikapotoka.

Kazi ilikuwa kwenye upana na ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na pale inapofungwa kwenye gari. Kutoka 6J ET45 (upana wa inchi 6, ofseti ya milimita 45) kwenda 7J ET40, ukingo wa nje unatokeza karibu milimita 18 zaidi na wa ndani unasogelea shokomzoba kwa 8. Nilifunga moja tu mbele, nikazungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Kidole cha shahada kilipita kati ya tairi na shokomzoba, kwa shida lakini kilipita. Nyuma, tulipopakia watu watatu na kuvuka tuta, plastiki ya ndani ya madigadi ilibaki na mstari mweusi unaong'aa. Ikabidi ikatwe kidogo.

Rimu zenyewe nimezipenda mno: hazijapinda, rangi safi. Ila tundu la katikati ni kubwa kuliko habu, kitovu cha gari ambacho rimu hukaa juu yake, na usukani ulitetemeka mpaka nilipoweka pete za kujazia. Pete hizo zilipaswa kuja ndani ya boksi.