Afterlives ya Gurnah: mapenzi yapo, ila huyo kaka mtu ndo kanivuruga

Watu wanakinadi hiki kitabu, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kama hadithi ya mapenzi wakati wa vita, sawa mapenzi yamo, ila ukikinunua kwa ajili hiyo tu utasubiri sana aisee, maana Hamza na Afiya wanakuja kuonana karibu nusu ya kitabu imeshaenda. Mi sikuchoka kusubiri lakini. Kabla ya hapo kuna habari ya Afiya na kakake Ilyas na kwangu hiyo ndo roho ya kitabu.

Mambo yanatokea kwenye mji wa pwani wakati wa Mjerumani. Ilyas alichukuliwa na askari akiwa mtoto akasomeshwa shule ya misheni, kwahiyo Mjerumani kwake ni mtu mwema na humwambii kitu. Anarudi ukubwani anamkuta mdogo wake kijijini anatumikishwa na watu waliomlea, anamtoa, anamfundisha kusoma na kuandika, mtoto wa watu anaanza kupata raha kidogo halafu vita ya 1914 inaingia na kaka anajiandikisha mwenyewe kwa hiari kwenda kumpigania Mjerumani!! Afiya anarudishwa kulekule kijijini, wanagundua anajua kuandika, anapigwa mpaka mkono unavunjika. Na anayekuja kumchukua ni Khalifa, karani wa mfanyabiashara, mzee wa umbea wa barazani, rafiki tu wa kakake, hana hata tone la damu yao. Sasa niambie ndugu ni nani hapo. Gurnah wala hajalisema hilo popote, anakuachia ulihisi mwenyewe na Afiya anaendelea kumsubiri kakake miaka na miaka kama vile hakumkosea chochote. Hapo ndo nilikuwa nafunga kitabu kwanza nipumue.

Hamza naye ni askari wa Mjerumani, kijana mpole ambaye hata haelewi kilichompeleka huko. Kurasa za vitani ni ngumu, nakusanua mapema, yaani wanatembea tu, njaa, magonjwa, wapagazi wanakufa njiani, vijiji vinaporwa chakula watu wanabaki hawana kitu. Na ndivyo ilivyokuwa kweli, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku, aliwazungusha watu mpaka Msumbiji na alikuja kusalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn (siku hizi ni Mbala, Zambia) wakati Ulaya walishaacha kupigana wiki mbili nyuma. Kuna afisa anamfundisha Hamza Kijerumani, na uhusiano wao huo sijui niuiteje, sio urafiki, sio utumwa moja kwa moja, unakukera na huwezi kuacha kusoma.

Mapenzi yenyewe sasa. Hamza anarudi mjini mguu mbovu, anapata kazi kwa mfanyabiashara Nassor Biashara, anapewa pa kulala kwa Khalifa, na Bi Asha mke wa Khalifa hamtaki hata kumuona anamchukulia kama nuksi. Hapo katikati yeye na Afiya wanaibiana macho, maneno machache, mashairi ya Schiller, mshairi wa Kijerumani, anayatia Kiswahili anampa mtoto wa kike kwenye karatasi. Jamani!! Hakuna makeke, hakuna kulia kwenye mvua, na ni watu wazima wawili walioumizwa wanaogopana kidogo. Nimeipenda kuliko riwaya zote za vita ambazo mwanajeshi anapenda ukurasa wa tatu.

Malalamiko yangu ni mwisho. (Kama hujasoma ruka aya hii.) Habari za Ilyas tunakuja kuzipata kurasa za mwisho mwisho, mpwa wake anaenda Ujerumani anafukua, na kumbe mjomba alifia kwenye kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen. Jambo zito hivyo limekimbizwa kama ripoti ya ofisini, nilitaka hata sura moja nikae naye huko Ujerumani. Maana watu wa hivyo walikuwepo kweli, yupo Bayume Mohamed Husen, kazaliwa Dar 1904, kapigana upande wa Mjerumani akiwa bado mtoto, kaenda Berlin, kadai mishahara ya uaskari wakamnyima, kaigiza kwenye filamu zao, na mwaka 1944 akafia Sachsenhausen hiyohiyo. Unaona riwaya ambayo ingeweza kuandikwa hapo? Inaniuma bado.

Kiingereza chake sio kigumu, sentensi zimetulia, ila mwanzo majina na madeni ya nyumba ya kina Bi Asha yanachanganya, vumilia kurasa thelathini hivi. Usimpe mtu kitabu hiki kama zawadi ya harusi lakini, nimeona watu wanafanya hivyo sijui wamesoma nini. Kama unataka Kiswahili kabisa tafuta Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise, riwaya ya Gurnah ya 1994, imetolewa na Mkuki na Nyota, wahusika ni wengine ila inaishia kijana anakimbilia msafara wa Mjerumani, kwahiyo ukitoka pale ukaja kwa Hamza ni kama umeendelea na safari ileile.