Tathmini ya maabara ya miamba, udongo na jotoardhi: vifaa ni vizuri, mapokezi bado

Sampuli nilizopeleka katika maabara hii zilitoka eneo moja la utafiti wa jotoardhi, nazo ni chembe za miamba zilizopatikana wakati wa kuchoronga kisima, udongo wa mahali palipokusudiwa kujengwa mitambo, na maji ya kisima chenyewe. Si maabara nyingi zinazopokea vyote hivyo chini ya paa moja. Hata hivyo, ubora wa kazi unatofautiana mno kati ya chumba na chumba.

Chumba cha miamba kinastahili sifa. Vipande vya kutazamwa kwa hadubini husagwa hadi unene wa milimita 0.03, na fundi hakisii unene huo, bali huangalia rangi za madini ya kwatsi kati ya vichujio viwili vya mwanga: zikiwa bado kali huendelea kusaga, na zikififia kuwa kijivu huacha. Vipande nilivyokabidhiwa vilikuwa na kijivu hicho kutoka ukingo hadi ukingo. Katika mashine ya eksirei, udongo wa mfinyanzi ulitenganishwa kwanza, ukapimwa ukiwa mkavu, kisha ukapimwa tena baada ya kufyonza mvuke wa kemikali ya glikoli, hatua inayorukwa na wenye haraka ingawa ndiyo inayoifichua smektaiti, aina ya mfinyanzi unaovimba. Kwa mtafiti wa jotoardhi hilo si jambo dogo, kwa sababu smektaiti kwa kawaida hutoweka joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, ilhali epidoti, madini mengine ya miamba hiyo, huashiria joto la takriban nyuzi 240 na zaidi.

Upande wa udongo, machekeche ni mazima na mizani ni sahihi. Nisichokikubali ni kukausha kila udongo kwa nyuzi 105, hata ule wenye jasi, kwani jasi katika joto hilo huachia maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na unyevu unaoandikwa kwenye ripoti ukazidi ule uliomo kweli. Nilipoomba kipimo kirudiwe kwa nyuzi 60 walikubali bila ubishi, lakini fomu yao haina hata nafasi ya kuuliza kama udongo una jasi.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye maji. Mpokeaji alibandika lebo kwenye chupa bila kuuliza kama sehemu ya maji ilizimuliwa kisimani kwa maji yaliyosafishwa, wala kama sehemu nyingine ilichujwa na kutiwa asidi ya nitriki. Maji ya moto yasiyozimuliwa yakipoa, silika, madini yaliyoyeyuka humo, huanza kuungana na kuganda, kipimo hushuka, na joto la chini ya ardhi linalokokotolewa kutokana nacho huonekana dogo kuliko lilivyo. Mkemia hata awe hodari kiasi gani hawezi kuirekebisha chupa iliyokwisha kuharibika. Kwa miamba nitarudi bila kusita. Kwa maji, mteja aandae chupa zake mwenyewe kisimani na kuandika juu ya kila moja namna ilivyotayarishwa.