Mbunge wako: umpime kwa kura au kwa hotuba?

Hotuba ni tamu. Fungua Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge la Kenya, utamkuta mheshimiwa akilalamikia gharama ya maisha kurasa mbili nzima, na ufike mwisho bila kujua alisimama upande gani.

Kura haina mapambo. Mswada wa Fedha, ule wa kodi, uliposomwa mara ya pili, tarehe 20 Juni 2024, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Siku tano baadaye ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tazama tena hizo hesabu: pande zote mbili zilipungua. Asiyekuwepo siku ya kupiga kura naye ameacha rekodi, na mimi huyo ndiye namtafuta kwanza.

Ila kura nyingi hazina majina. Spika huuliza, hawa wakajibu "Ndiyo", wale "La", naye akaamua kwa sikio lake. Jina huandikwa tu wabunge wakidai kura ihesabiwe. Tena kiranja wa chama, msimamizi wa nidhamu ya wabunge wake, akishatoa amri, kura huonyesha utiifu kuliko imani.

Hapo ndipo hotuba inapofaa: inatoa sababu, na inaonyesha ni kifungu kipi alitaka kibadilishwe. Mimi huanza na kura za miswada ya kodi, kisha nasoma alichosema siku ileile. Vikipishana, naamini kura.