Miche ya mizizi mitupu: uzoefu wangu wa kununua na kupanda Minnesota

Bei ndiyo iliyonivuta, nisidanganye. Mtufaha wa Honeycrisp ulio kwenye chungu, kitalu cha karibu na kwangu walikuwa wanautaka dola 120. Aina ileile, mche wa miaka miwili usio na udongo kabisa, niliuagiza kwa dola 40 ukiacha nauli. Sisi tuliokulia kwenye miche ya viriba inatuwia vigumu kulipia mti ambao hauna hata punje ya udongo. Sasa nimeshakaa na yangu misimu kadhaa, na hela ya vyungu siitoi tena kirahisi.

Nilikuwa na pengo mbele ya nyumba. Pale palikuwa na mti wa ash, ukaliwa na yule mbawakawa wa kijani kutoka Asia aliyeonekana St. Paul, mji mkuu wa jimbo hili la Minnesota, Marekani, mwaka 2009 na tangu hapo anamaliza miti ya mitaa mizima. Manispaa wakaukata.

Miche hii hung'olewa shambani ikiwa imelala, haina jani, kisha huwekwa kwenye chumba cha baridi chenye unyevu hadi Aprili. Mti hauna habari kwamba umehama. Ndiyo maana unavumilia kusafirishwa, na ndiyo maana ukifika unatakiwa kuingia ardhini kabla macho yake, yaani vichipukizi, hayajafunguka. Oda hutumwa mapema, Januari hivi, kwa sababu aina zinazopendwa huisha. Nilichukua Honeycrisp na Haralson, kwani mtufaha mmoja peke yake hauzai wa maana bila chavua ya aina nyingine. Zote mbili ni kazi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Haralson ya 1922 na Honeycrisp ya 1991, kwa hiyo baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haizitishi.

Boksi lilipofika, ndani mlikuwa na vitu kama fimbo za kuchungia ng'ombe, mizizi imefunikwa karatasi mbichi zilizochanwachanwa na kufungwa nailoni. Mama watoto akauliza kama nimetapeliwa.

Na kweli kuna muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniudhi. Alituma mwisho wa wiki, mzigo ukalala ghalani, mche wa plamu ukafika mizizi imekauka hadi inakatika ukiigusa. Nilipiga picha siku hiyohiyo, wakarudisha pesa bila ubishi. Soma masharti ya dhamana kabla hujalipa, na waombe watume Jumatatu.

Kabla ya kuchimba piga 811, namba ya kuonyeshwa mabomba na nyaya zilizofukiwa, ni bure. Wanakuja kuchora mistari kwenye nyasi: njano ni gesi, nyekundu umeme, buluu maji. Kwangu bomba la gesi lilipita karibu kabisa na pale nilipokuwa nimelenga, nikasogea.

Mizizi niliiloweka kwenye ndoo ya maji kwa muda wa saa mbili au tatu. Usiiache humo siku nzima, nayo inahitaji hewa. Shimo liwe pana kuliko mizizi ilivyotanda, lisiwe refu kwenda chini. Hapa ndipo mizizi mitupu inapoushinda mti wa chungu: unaona kila kitu. Mizizi iliyovunjika unaikata, iliyojikunja unainyoosha, na pale shina linapotanuka kuanza mizizi unapaweka sawa na uso wa ardhi. Kwenye chungu mizizi inaweza kuwa imejizungusha kama miaka miwili nawe hujui. Kwa mtufaha uliobebeshwa, yaani aina moja imeungwa juu ya mizizi ya nyingine, lile kovu la kubebeshea libaki sentimita 5 hadi 8 juu ya udongo. Ukilifukia, sehemu ya juu inaota mizizi yake yenyewe, na mti uliouziwa kama mfupi unaweza kukua mkubwa kuliko ulivyotaka.

Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Niliurudisha uleule shimoni, bila samadi wala mbolea, nikamwagilia, nikaweka matandazo ya vipande vya mbao bila kugusa shina. Mwaka wa kwanza kazi ni maji tu.

Miche midogo ya uzio niliipata ofisi ya kaunti ya uhifadhi wa udongo na maji. Huuza kila msimu kwa mafungu, unalipia mapema na kwenda kuchukua mwenyewe siku waliyopanga. Fungu la miche 25 ni mingi mno kwa ua wa mjini, tukagawana na Wakenya wa kanisani.

Usisahau waya wa kuzungushia shina kabla ya theluji. Sungura hapa wanatafuna gome majira ya baridi, na theluji ikijaa wao husimama juu yake, hivyo waya uzidi kina cha theluji unachokitarajia.

Matufaha, plamu na vichaka vya maua ningenunua tena hivi bila kufikiri. Mwaloni na mti wa hackberry nasita. Hiyo ni mizito kuamka. Vitalu vingine huifunika kwanza kwenye nailoni mahali penye joto kidogo na unyevu hadi macho yavimbe, ndipo ipandwe. Ukiitaka, muulize muuzaji kama ameshafanya hivyo, au utakuwa unamwagilia kijiti hadi Juni huku majirani wanakuuliza.