Kupendezesha nyumba ya zamani kwa elfu hamsini ya kila mwezi: uzoefu wangu Dodoma

Nyumba ninayoizungumzia aliijenga marehemu baba, iko Kikuyu, si mbali na pale ambapo wazee bado wanapaita Mazengo, kwa jina la shule ya sekondari iliyokuwepo, ingawa siku hizi ni chuo kikuu. Ina sebule, vyumba vitatu na korido. Naishi humo na mama na wanangu wawili. Kuta zilikuwa zimechoka. Rangi ya krimu ilikuwa imegeuka kahawia kuzunguka swichi, dari lina madoa ya mvua, na upande wa magharibi wa sebule rangi ilikuwa inabanduka kama maganda ya kitunguu.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alitupigia hesabu ya kazi nzima, na kwa mshahara wangu hesabu ile ingenilazimu kukopa. Sikutaka kuingia deni kwa ajili ya rangi. Nikaamua kutenga shilingi 50,000 kila mwezi na kufanya kazi kwa mkono wangu, ukuta mmoja mmoja. Nilianza mwezi wa sita mwaka jana, na hadi sasa nimemaliza sebule, chumba cha mama na cha watoto. Naandika ili anayeishi Dodoma ajue kipi kimenifaa na kipi kimenilia fedha, maana ushauri mwingi tunaousoma ni wa nyumba za Dar es Salaam, na nyumba za huku zina maadui wake wawili: magadi, yaani chumvi inayojitokeza ukutani, na vumbi.

Nianze na magadi, kwa sababu ndiyo yaliyonila kwanza. Mwezi ule wa kwanza nilikwangua ukuta wa magharibi, nikaupiga msasa, nikaupaka rangi ya maji mikono miwili, yaani tabaka mbili. Ulipendeza kweli. Wiki ya tatu nikaona vipele karibu na sakafu. Nilibonyeza kimoja kwa kidole, rangi ikapasuka na ndani yake ukamwagika unga mweupe laini kama wa muhogo. Niliugusa kwa ncha ya ulimi: chumvi tupu. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi ananitazama. Akaniambia, "Mwanangu, huo ukuta baba yako alikuwa anaupaka chokaa kila baada ya masika. Ulidhani alikosa hela ya rangi?"

Nilikwenda kumuuliza fundi mmoja mzee jirani yetu, naye akanielewesha vizuri. Unyevu unapanda kutoka ardhini kupitia tofali, unabeba chumvi iliyomo kwenye udongo na kwenye tofali lenyewe. Ukifika usoni mwa ukuta, maji yanakauka na chumvi inabaki. Ukiwa umeuziba uso huo kwa rangi, chumvi inajikusanya nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke. Kwa hiyo hata ungenunua rangi ya bei gani, dawa inaanzia nje ya nyumba. Tulitoka tukaangalia: udongo wa bustani ya maua ulikuwa umelundikana ukutani hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani, na pembeni yake ndipo tulipokuwa tunamwaga maji ya kufulia. Miaka yote hiyo!

Nilitoa udongo wote kwa jembe na karai, nikahamisha sehemu ya kufulia, kisha nikauacha ukuta ukauke hadi mwezi wa tisa. Kiangazi cha Dodoma katika hili ni rafiki mkubwa, hakuna tone la mvua kwa miezi. Kila Jumamosi niliusugua kwa brashi ngumu, kavu, nikazoa ule unga na kuutupa mbali. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu maji yanaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Baada ya hapo nikapaka chokaa kama baba. Chokaa unailoweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi unaichuja kwa kitambaa chepesi, unaulowanisha ukuta kidogo, halafu unapaka nyembambanyembamba. Mkono wa kwanza hauonekani kabisa na unaweza kukata tamaa. Subiri ukauke. Mimi nilipaka mikono minne. Nilitia unga kidogo wa rangi ya manjano kwenye ndoo, ukuta ukatoka na rangi ya maziwa mabichi, na jua la jioni likiingia dirishani unawaka taratibu. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza ngozi na macho. Masika ya mwaka huu yamepita, na kilichojitokeza ni unga kidogo pembeni ambao niliufagia tu. Kwa bei yake, chokaa ndicho kitu kilichonifurahisha kuliko vyote, nyota tano bila kusita.

Sasa vumbi. Ukuta wa dirisha niliupaka nyeupe kwa rangi ya maji ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo dukani. Mwezi wa nane upepo ukaanza. Anayeufahamu upepo wa Dodoma anajua: unafunga madirisha na bado unaandika jina lako juu ya meza kwa kidole. Chini ya dirisha ukajichora mkanda mwekundu, na nilipoufuta kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kikatoka cheupe. Rangi yenyewe ndiyo iliyokuwa inatoka! Rangi za namna hiyo zinafaa darini tu, ambako hakuna mkono unaogusa. Kwa ukuta wa chini nunua ile inayooshwa, hata kama itabidi usubiri mwezi mmoja zaidi. Nilipoinunua mwezi wa kumi niliona tofauti: vidole vya watoto, masizi ya mshumaa umeme ukikatika, vyote vinafutika.

Na kuna jambo ambalo zamani nililiona la kizamani, leo nalitetea popote. Nyumba za wazee wetu, na shule zetu nyingi za msingi, zilipakwa rangi ya mafuta yenye giza kwenye mita moja ya chini, na juu rangi nyepesi. Sababu yake ni hizi fujo za chini: maji ya kudekia, migongo ya viti, magoti ya watoto, vumbi. Nimepaka mkanda huo wa bluu iliyoiva kwenye chumba cha watoto na kwenye kuta za ndani za sebule. Nilipiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, nikabandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na nikaibandua tepu hiyo wakati rangi ikiwa bado mbichi kidogo ili mstari usikwanyuke. Chumba kinaonekana kimepangwa, na kuusafisha mkanda ni kazi ya dakika tano. Ila usipake rangi ya mafuta kwenye ukuta unaotoa magadi. Huko acha chokaa ipumue.

Kuhusu kiasi cha rangi, wengi tunanunua kwa kukisia. Chumba cha watoto kina mita 3 kwa 3.5, na kimo cha mita 2.7. Mzunguko ni mita 13, zidisha kwa kimo unapata mita za mraba 35. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 31. Lita moja kwenye ukuta laini inapaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 6 na kidogo. Nilinunua makopo mawili ya lita 4, ikabaki ya kurekebishia. Ukuta wa plasta isiyopigwa skimu, yaani lile tabaka laini la juu, unakunywa zaidi, ongeza.

Hapa ndipo kuna mtego kwa sisi tunaofanya kidogokidogo. Kwa sebule nilinunua kopo moja la rangi ya kuchanganyiwa dukani, mwezi uliofuata nikarudi duka lilelile kuchukua la pili. Muuzaji akaniambia, "Dada, ni ileile, usiwe na wasiwasi." Niliipaka, ikakauka, na ukutani pakawa na mpaka kabisa: huku kijani cha majani ya mchicha, kule kijani cha kisamvu. Nilirudi na kipande cha karatasi nilichokipaka zote mbili. Hawakukubali kurudisha wala kupunguza bei, nami niliumia sana, kwa sababu ile ilikuwa elfu hamsini yangu ya mwezi mzima. Siku hizi nafanya hivi: sinunui rangi mpaka fedha ya ukuta mzima itimie, naomba waniandikie namba ya mchanganyiko kwenye kifuniko, na nikifika nyumbani namimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga pamoja kabla ya kuchovya rola. Miezi ambayo fedha haijatimia naitumia kwa kazi isiyohitaji rangi. Kukwangua ni bure.

Kwenye kukwangua, nisiache kusema: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni hatari hasa kwa watoto. Milango yetu niliipiga msasa wa maji, ukiwa umelowa, nimevaa barakoa, na watoto niliwapeleka kwa shangazi yao Nkuhungu hadi nilipomaliza kudeki.

Zile karatasi za kubandika ukutani zenye picha za matofali, nilizijaribu kwenye chumba cha watoto kabla ya kupaka rangi. Zinavutia, zinabandikwa kwa saa moja. Lakini gundi yake inataka ukuta laini na safi, nasi tuna plasta ya chengachenga na vumbi lisilokwisha. Joto la mwezi wa kumi na moja likazimalizia. Nikiwa jikoni nilisikia mchakacho, nikakuta nusu ya ukuta imejikunja sakafuni. Kama ukuta wako umepigwa skimu na kupakwa rangi unaweza kufanikiwa. Kwangu ni nyota moja, na sitarudia.

Mapazia nilipata soko la Sabasaba, kwenye mitumba. Nilichagua mashuka mazito ya pamba, mawili kwa kila dirisha, nikayashona mwenyewe kwa cherehani ya mama na kuyawekea kitambaa chepesi nyuma. Dirisha la magharibi ndilo linalohitaji uzito, jua la alasiri lile linapausha kila kitu. Taa nimebadilisha ya sebuleni tu, nikaweka balbu ya mwanga wa manjano, na ukuta wa chokaa ukapata uhai usiku. Rafu ya vitabu vya watoto niliitengeneza kwa mbao za paleti. Kazi ilikuwa kung'oa misumari, mengine ni msasa na vanishi. Kwa ukuta wa tofali usipige misumari ya kawaida, toboa na uweke plagi za plastiki, la sivyo rafu itakuja na plasta yake.

Kitu cha mwisho ni sakafu, na hapa nilitaka kukosea vibaya. Sakafu yetu ni ile ya saruji nyekundu. Ilikuwa imefifia, ina nyufa nyembamba, na polishi ya miaka mingi imeshikana na vumbi hadi kuwa nyeusi. Nilikuwa nimeshapima sebule nzima ili ninunue kapeti la plastiki lenye picha ya mbao. Mama akakataa kabisa. "Hii sakafu niliimwagia maji mimi mwenyewe, siku saba, ili isipasuke," akasema. "Utaifunika kwa plastiki?" Sikuwa na la kujibu.

Basi tukaisugua pamoja, mita moja moja, kwa maji ya moto, sabuni ya unga na stilwaya. Polishi ya zamani ilitoka kama matope ya chokoleti. Nyufa tulizijaza saruji iliyochanganywa na unga wa rangi nyekundu, tukaziacha siku tatu zikiwa na unyevu. Kisha polishi nyekundu, nyembamba sana, mara mbili. Kung'arisha, mama alitandika blanketi kuukuu, akamkalisha mwanangu mdogo juu yake na kumburuta sebule nzima, huku na kule, mtoto akicheka hadi kwikwi. Ndivyo alivyokuwa ananiburuta mimi. Ilipofika jioni niliiona taa ikijiangalia sakafuni. Gharama yote haikufika hata nusu ya bajeti ya mwezi.

Inahitaji kurudiwa polishi kila baada ya wiki tatu au nne, na ikiwa mpya inateleza, kwa hiyo mama tumemwekea mkeka mlangoni na kando ya kitanda. Lakini haifichi unyevu chini yake kama plastiki, miguu inapoa wakati wa joto, na vumbi linafagilika kwa mpigo mmoja.

Inayofuata ni korido. Nimeshaikwangua, namba ya mchanganyiko wa bluu ninayo kwenye kifuniko, na elfu hamsini ya mwezi ujao ikiingia fedha ya ukuta wote itakuwa imetimia.