Akiba yako ya uzeeni: uihamishie skimu ya kazini au uiache ilipo?

Mwajiri mpya hapa Mombasa ana skimu inayolipa pensheni kwa kanuni ya mshahara na miaka ya utumishi, nawe una akiba binafsi kwenye kampuni ya bima. Ukiiacha, inabaki fungu lako: faida ikipanda ni yako, ikishuka hasara pia ni yako, na ukifariki kabla ya kustaafu wanao hulipwa kilichomo.

Ukiihamisha, fungu linageuka ahadi. Tuseme kanuni ni 1/60 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwaka, na akiba yako inanunua miaka 3 ya utumishi. Ukistaafu kwa mshahara wa shilingi 120,000, hiyo ni shilingi 6,000 zaidi kila mwezi hadi kufa. Hapo hasara ya soko anaibeba mwajiri, mradi asifilisike.

Swali la kuwabana nalo wadhamini wa skimu: pesa zangu zinanunua miaka, au kiasi kisichobadilika? Miaka hukua na mshahara. Kiasi huliwa na bei zinazopanda za soko la Kongowea. Na ripoti ya mwisho ya tathmini ya skimu inaonyesha pengo kati ya mali iliyonayo na pensheni ilizoahidi? Likiwa kubwa, mimi nisingehamisha hata senti. Vivyo hivyo kama kazi yenyewe ni ya mkataba mfupi.